The Cross: Roger Taylor Hakukaa Kwenye Dramu

Nimechoka. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Uingereza Queen, alizaliwa Unguja, kwa hiyo wajuzi wa Queen huku kwetu hawaishi, na The Cross ikitajwa tu lazima mmoja adakie: "Aa, ile bendi ya pembeni aliyokuwa akipiga dramu Roger Taylor." Jamani! Roger ni mpiga dramu wa Queen, lakini jukwaani na The Cross alisimama mbele, akaimba huku ameshika gitaa la rithimu. Dramu alipiga Josh Macrae. Mimi dramu ndiyo riziki yangu, na namwonea huruma Macrae hadi leo: uteleze kwenye roli (yale mapigo ya haraka ya mfululizo), na anayegeuka kukutazama ni mpiga dramu wa Queen.

Agosti 1986 Queen walimaliza ziara yao Knebworth, Uingereza, kila mtu akaenda zake kupumzika. Roger hakuwa mgeni wa kutoka peke yake. Alikwisha toa albamu zake Fun in Space (1981) na Strange Frontier (1984), ila hakuwa na bendi ya kuzipandisha jukwaani. Mwaka 1987 akarekodi mwenyewe sehemu kubwa ya Shove It, albamu ya kwanza ya The Cross, kisha akatafuta wanamuziki kwa tangazo la gazeti lisilotaja jina lake. Spike Edney wa kinanda hakuhitaji tangazo, maana alikuwa akizunguka na Queen tangu 1984. Clayton Moss akashika gitaa, Peter Noone besi. (Si yule Noone wa Herman's Hermits. Hilo nalo huulizwa.)

Sasa tuje kwenye linalonikera hasa: "Heaven for Everyone". Watu huapa kwamba ni wimbo wa Freddie, eti mpiga dramu hawezi kutunga kitu cha namna ile. Wimbo ni wa Roger. Huyohuyo ndiye aliyetunga "Radio Ga Ga", na zile "Galileo" za juu kabisa kwenye "Bohemian Rhapsody" zinatoka kooni mwake. Mkanganyiko nauelewa, kwa sababu Shove It ya 1988 ilitoka kwa sura mbili. Ukinunua ya Uingereza unamsikia Freddie akiongoza. Ukinunua ya Marekani anaongoza Roger, na kwenye singo pia ni Roger. Halafu Freddie akafariki Novemba 1991, Queen wakaichukua sauti yake wakaifumia muziki mpya kwa ajili ya albamu yao Made in Heaven, na mwaka 1995 singo ikafika namba 2 Uingereza. Ndiyo maana wengi wanadhani wimbo ulizaliwa 1995, wakati The Cross walikuwa wameshaupiga, na bendi yenyewe imeshakufa.

Lakini wanaoiita The Cross "bendi" kuanzia siku ya kwanza nao sikubaliani nao sana. Kwa masikio yangu Shove It ni albamu ya tatu ya Roger iliyovalishwa jina la kundi, na mashine zake za miaka ya themanini zinanichosha. Mwanamuziki mwenzangu anaipenda kupita zote, na kuna siku nikiisikiliza naanza kutilia shaka ukali wangu. Bendi hasa naisikia kwenye Mad, Bad and Dangerous to Know (1990), ambako wenzake nao wanatunga, na naisikia zaidi kwenye Blue Rock (1991), magitaa mbele na jasho la watu waliozoeana. Bahati mbaya, hiyo ndiyo haikutolewa hata Uingereza kwao.

Desemba 1992 walipiga klabu ya Marquee, London, wakapandishwa Brian May, mpiga gitaa wa Queen, na Tim Staffell, yaani pamoja na Roger watu watatu wa Smile, bendi iliyotangulia Queen, wako jukwaa moja. Mwaka uliofuata wakafunga kazi Gosport, Uingereza.

Kwa hiyo kabla hujaja kubishana nami, tafuta Blue Rock uisikilize yote, kisha niambie ni wimbo upi hasa ambao Queen wangeukubali. Mimi nina mmoja tu, "New Dark Ages", na hata huo sina uhakika nao.