Gari-nyumba na watoto wadogo: hesabu viti kabla ya vitanda

Familia zinazoniomba ushauri kabla ya kukodi gari-nyumba ng'ambo huuliza karibu zote swali lilelile: lina vitanda vingapi? Nami huwauliza watoto wao wana umri gani na viti vyao vitafungwa wapi. Kazi yangu ni kukagua na kuandaa magari haya kwa ajili ya wazazi wenye watoto wadogo, na nimekwisha kuona gari la vitanda sita lisilo na nafasi mbili za kufungia viti vya watoto ipasavyo. Katika hati za gari, idadi ya wanaolala na idadi ya wanaoruhusiwa kusafiri ni mambo mawili tofauti, lakini tangazo hutanguliza ile iliyo kubwa.

Kiti cha mtoto huhitaji nafasi inayoelekea mbele, yenye mkanda wa pointi tatu, yaani ule unaopita mapajani na begani. Benchi la pembeni silikubali hata kama lina mkanda, kwa sababu mtu aliyeketi kiubavu gari linaposimama ghafla hupindwa kiunoni na shingoni. Mkanda wa mapajani peke yake nao haumfai mtoto aliyefikia kiti cha kuinulia, kwani kazi ya kiti hicho ni kumpandisha ili mkanda wa juu umpite begani badala ya shingoni. Usipokuwapo mkanda wa juu, kiti hakina kazi.

Kisha kuna mguu wa kiti, ambao hata mafundi huusahau. Viti vingi vinavyofuata kanuni ya R129, iliyoanza kutumika Ulaya mwaka 2013 na inayotaka mtoto atazame nyuma mpaka atimize miezi 15, vina mguu unaoshuka hadi sakafuni ili kiti kisipinduke. Katika gari dogo sakafu hiyo ni bati la bodi lenyewe. Katika gari-nyumba, chini ya meza ya kulia mara nyingi pamefichwa sanduku la vifaa lenye mfuniko wa mbao, na mguu uliosimama juu ya mfuniko unaweza kuutoboa siku ya ajali. Ninapokagua hupiga magoti na kugonga sakafu kwa kifundo cha kidole; ikitoa mlio wa kitu kitupu, kiti cha namna hiyo hakifungwi hapo. Waombe wenye gari wakupigie picha ya sakafu hiyo na ya vishikizo vya ISOFIX, yaani vyuma vya gari vinavyonasa kiti cha mtoto moja kwa moja bila mkanda, kabla hujalipa. Mimi mwenyewe sikuomba nilipokodi kwa mara ya kwanza: niliahidiwa vishikizo kwa simu, nikafunua kitambaa cha benchi na kukuta ubao mtupu, na saa tatu zikapita uani tukisubiri gari jingine huku wanangu wawili wakilia kwa zamu.

Ukivuka mipaka, sheria nazo hubadilika. Mtoto wa miaka 11 mwenye urefu wa sentimita 140 lazima akae kwenye kiti chake nchini Ujerumani, ambako sharti ni kwa walio chini ya miaka 12 na chini ya sentimita 150. Uingereza kipimo cha urefu ni sentimita 135, na Ufaransa sharti hukoma mtoto akitimiza miaka 10. Ushauri wangu ni kushika ile iliyo kali zaidi safari nzima, maana mwili wa mtoto haubadiliki mpakani.

Gari hili ni jiko linalotembea, kwa hiyo kila kitu ndani yake kina uzito unaotafuta pa kwenda. Sufuria ya kilo mbili iliyoachwa juu ya jiko, gari linapogonga kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, huruka kwa kasi hiyohiyo, na ikisimamishwa ndani ya sentimita 30 nguvu yake hufanana na mzigo wa zaidi ya kilo 60. Vitu vizito vikae chini, kabati zifungwe kwa lachi, na meza iliyo mbele ya watoto isiachwe na kitu chochote.

Uzito wa jumla nao una mpaka. Magari mengi ya Ulaya husajiliwa kwa kilo 3,500, na kinachobaki baada ya gari lenyewe hutafunwa haraka: tangi la lita 100 likijaa ni kilo 100, hapo hujapakia viti, gari la kusukuma mtoto, nguo wala watu. Baiskeli zinazoning'inizwa nyuma ya ekseli ya nyuma hupunguza uzito kwenye magurudumu ya mbele, na usukani ukawa mwepesi kupita kiasi. Ninapendelea kuanza siku na maji robo ya tangi na kujaza kambini.

Mwendo wa siku huamuliwa na aliye mdogo kuliko wote. Mtoto mchanga asikae kitini zaidi ya saa mbili bila kunyanyuliwa, na muda unaoonyeshwa na ramani ya simu kwa kawaida ni wa gari dogo. Mimi huongeza robo. Safari hupangwa ianze wakati wa usingizi wa mchana, lakini usingizi huo ni wa kitini, kamwe si wa kitandani gari likitembea, hata mtoto alalamike vipi.

Usiku kitanda kilicho juu ya dereva huwavutia watoto kuliko chochote, nami humkatalia aliye chini ya miaka sita, wavu uwepo usiwepo. Kifaa cha kutambua kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, kijaribiwe kwa kubonyeza kitufe chake kabla ya usiku wa kwanza, na mtungi wa gesi ufungwe kabla ya kuwasha injini. Msimu wa baridi ulizia propani, kwa kuwa butani haigeuki kuwa gesi jotoridi likikaribia sifuri, na maziwa ya saa kumi alfajiri hayangoji jua lichomoze.