Ndege haikupotea saa 7:21 usiku

Nikijitambulisha kuwa mimi ni mwongoza ndege, iwe ofisini au kwenye daladala hapa Dodoma, swali linalofuata huwa ni hilo hilo: ile ndege ya Malaysia ilipoteaje? Na mara nyingi anayeuliza ana jibu lake tayari. Ilitekwa, ilimezwa, imefichwa kisiwani. Nimeona niliandike la kwangu, kwa sababu ndege hiyo, safari MH370, ilibeba watu 239, na ndugu zao wanastahili maneno yenye msingi.

Watu wengi hudhani rada ya kiraia inaiona ndege tu. Kwa sehemu kubwa inaiuliza, na ndege inajibu kwa kifaa kiitwacho transponda. Jibu ndilo linalotupa kwenye skrini namba ya safari, mwinuko na kasi. Transponda ikinyamaza, maandishi yanaondoka. Ndege inaendelea kuruka. Kwetu bara hilo si ajabu. Kwa miaka mingi anga ya katikati ya Tanzania iliongozwa kwa redio na karatasi. Rubani anakutajia mwinuko wake na saa atakayopita juu ya Dodoma, unaandika kwenye ukanda wa karatasi, unasubiri. Saa ikifika na redio iko kimya, unaita. Usipojibiwa, unaita tena, kisha unawapigia simu jirani zako.

Tarehe 8 Machi 2014, kuita huko kulichelewa. Ndege iliondoka Kuala Lumpur kwenda Beijing saa 6:42 usiku. Saa 7:19 rubani aliaga waongoza ndege wa Malaysia ili azungumze na wa Vietnam. Saa 7:21 alama yake ikatoweka. Waongoza ndege wa Ho Chi Minh, Vietnam, waliuliza saa 7:39, yaani dakika 18 baadaye, na kituo cha uokoaji cha Kuala Lumpur kiliamshwa saa 11:30 alfajiri. Hapo ndipo panaponiuma kuliko pengine pote. Muda wote huo ndege ilikuwa hewani! Rada ya jeshi ilikuwa imeinasa ikigeuka, ikivuka rasi ya Malaysia, na kuonekana mara ya mwisho saa 8:22 ikielekea Bahari ya Andaman.

Baada ya hapo tunategemea setilaiti ya kampuni ya mawasiliano ya Inmarsat, iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya Bahari ya Hindi. Ndege ikikaa kimya kwa saa moja, kituo cha ardhini kule Perth, Australia, huitumia ishara fupi kuuliza kama bado imeunganishwa. Kifaa cha ndege hujibu chenyewe bila rubani kugusa kitu. Jibu hilo halisemi ndege iko wapi, ila limechukua muda fulani kufika, na mawimbi ya redio yanakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukijua muda, unajua umbali. Ni kama mtu akupigie simu akwambie yuko kilomita 50 kutoka Dodoma mjini: anaweza kuwa njia ya kwenda Bahi, ya Kondoa, ya Mtera au ya Kongwa. Una duara, huna mahali. Mabadiliko madogo ya masafa (frikwensi) ya ishara ndiyo yaliyoonyesha kwamba ndege ilikwenda kusini. Mara mbili ilipigiwa simu kutoka ardhini, saa 8:39 usiku na saa 1:13 asubuhi. Ziliita bila kupokelewa. Ishara ya mwisho, saa 2:19 asubuhi, ilianzishwa na ndege yenyewe ikiomba kuunganishwa upya, na wachunguzi waliielewa kuwa umeme ulikatika mafuta yalipokwisha.

Anayetilia shaka hesabu hizi na aangalie Pemba. Juni 2016 lilipatikana huko pande kubwa la flapu (bamba la nyuma ya bawa linaloteremshwa wakati wa kutua) ya bawa la kulia, na Septemba wataalamu wa Australia walithibitisha kwa namba za kiwandani kuwa ni la ndege hiyo. Mkondo wa bahari ulilivutia magharibi kwa zaidi ya miaka miwili, kama ulivyofikisha kipande kingine kisiwa cha Réunion mnamo Julai 2015. Uchambuzi ulionyesha flapu ile huenda haikuwa imeteremshwa, maana yake si dalili ya rubani anayejiandaa kutua majini.

Kwa hiyo swali la ndege iko wapi linajibika, ingawa kilomita za mraba 120,000 za sakafu ya bahari zilipekuliwa hadi Januari 2017 bila kuipata. La kwa nini iligeuka ni swali jingine kabisa, na ripoti ya Malaysia ya 2018 ilikiri haikuweza kulijibu. Watu huyachanganya haya mawili, halafu ugumu wa la pili unawafanya walikatae la kwanza.

Wengi wanasubiri visanduku vyeusi, yaani kinasa data na kinasa sauti vya ndege, vimalize ubishi. Kinasa data huhifadhi saa 25, kwa hiyo safari nzima imo, kama kumbukumbu zimesalimika. Lakini kinasa sauti cha ndege ile kilihifadhi saa mbili za mwisho tu, na baada ya kugeuka iliruka karibu saa saba. Maneno ya chumba cha marubani ya saa 7:21, hata kisanduku kikiopolewa kesho, yatakuwa yamekwisha kufutwa na saa zilizofuata.