Akili mnemba haimpi kila mfanyakazi kasi ileile

Mameneja wanaoniita kuwafundisha watu wao huja na wazo lilelile: tumewawekea akili mnemba, sasa malengo ya mwezi yapande kwa wote. Hapana! Hili limenichosha, nalo linaumiza wafanyakazi wazuri.

Utafiti wa mwanauchumi Erik Brynjolfsson na wenzake, uliotoka mwaka 2023, ulifuatilia wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000. Waliopata msaada wa akili mnemba walimaliza matatizo mengi zaidi kwa saa, wastani wa asilimia 14. Wengi huishia kusoma hapo. Wahudumu wapya na wenye ujuzi mdogo walipanda kwa asilimia 34, ilhali wakongwe hawakupata nyongeza ya maana. Mfumo ulikuwa umejifunza kutokana na mazungumzo ya wahudumu hodari, kwa hiyo ulimpa mgeni majibu ambayo mkongwe anayo kichwani tayari. Ukimpandishia mkongwe lengo kwa wastani ule, unamwadhibu mtu ambaye kazi yake ndiyo iliyoufundisha mfumo.

Msijibu kwamba wakongwe wenyewe wanasema wanakwenda haraka. Mwaka 2025 shirika la utafiti wa akili mnemba la METR liliwapima watengenezaji programu 16 wazoefu, kwenye miradi waliyoijua vizuri. Wakitumia akili mnemba walichelewa kwa asilimia 19, na bado waliamini wameokoa asilimia 20 ya muda. Basi niondoleeni dodoso la "unaonaje". Pimeni kwa saa, tangu kazi inapopokelewa hadi inapokabidhiwa, pamoja na muda wa kukagua na kurekebisha. Tena mpime wapya peke yao na wakongwe peke yao.

Kazini nasikia pia madai mengine matatu. La kwanza: "Anayeitumia akili mnemba ni mvivu." Si kweli. Katika jaribio la watafiti Noy na Zhang la mwaka 2023, kazi za uandishi wa ofisini zilichukua muda pungufu kwa takriban asilimia 40, na ubora ukapanda.

La pili: "Imejibu kwa uhakika, basi ni sahihi." Mwaka huohuo, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani hukumu zilizobuniwa na ChatGPT. Kila rejea ifunguliwe na isomwe.

La tatu: "Kubandika orodha ya wateja kwenye akili mnemba hakuna neno." Lipo. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2022, Kenya tangu 2019. Ondoeni majina na namba za simu kwanza.