Je, wajua kwa nini baadhi ya magereza hutenga nyumba kwa ajili ya wanandoa?

Ndani ya kuta za magereza ya Kanada kuna vijumba vyenye jiko, sebule na chumba cha kulala. Mfungwa aliyekubaliwa huingia humo na mwenzi wake, mara nyingi na watoto pia, wakakaa hadi saa 72. Wanapika wenyewe, wanatandika kitanda wenyewe. Askari hawaketi nao. Hupita tu kwa nyakati zilizopangwa kuhakikisha kwamba mfungwa bado yupo.

Kwa nini serikali ijipe kazi hiyo? Naona Kiswahili kinajibu vizuri. Haki ya tendo la ndoa tunaiita unyumba, neno lililozaliwa na nyumba. Hakimu anapomfunga mtu, hukumu inamwangukia mmoja, lakini unyumba ni wa wawili. Yule wa pili hakushtakiwa wala hakusomewa hukumu, na bado kitanda chake ni kitupu kwa miaka kumi. Tena mfungwa mwingi ipo siku atatoka. Akikuta ndoa imekufa na watoto hawamjui, atarudi wapi?

Ila historia ya jambo hili haikuanza kwa huruma. Huko Marekani lilianzia kwenye gereza la Parchman, jimbo la Mississippi, mwanzoni mwa karne ya 20. Parchman lilikuwa shamba kubwa la pamba, na wakuu wake waliwaruhusu wafungwa weusi kukutana na wanawake kwa imani ya kibaguzi kwamba wangelima kwa bidii zaidi. Baadaye wafungwa wenyewe walijenga vibanda vya mbao kwa ajili hiyo. Mpango huo uliendelea hadi 2014, jimbo lilipoufuta. Leo ni majimbo manne tu yanayoruhusu: California, New York, Connecticut na Washington. Magereza ya serikali kuu ya Marekani hayaruhusu kabisa, na Uingereza pia hairuhusu.

Kwa hiyo, je, ni haki au ni hisani? Kwa nchi nyingi, kisheria, bado ni hisani: mfungwa huipata kwa mwenendo mwema na huweza kunyang'anywa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya haijazilazimisha nchi kuruhusu ziara hizi. Kanuni za Mandela, yaani miongozo ya namna ya kuwatendea wafungwa iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema tu kwamba pale zinaporuhusiwa pasiwe na ubaguzi, na wafungwa wanawake wazipate sawa na wanaume. Na hata pale, aliye nje halazimishwi kwenda. Unyumba bila ridhaa si unyumba.

Kuna kesi moja ambayo kila nikiikumbuka inanigusa. Mfungwa wa maisha nchini Uingereza na mkewe waliomba waruhusiwe kupata mtoto kwa njia ya upandikizaji wa mbegu, maana mume angetoka, kwa uchache kabisa, mke akiwa na miaka 51. Serikali ikakataa. Mwaka 2007 mahakama hiyohiyo ya Ulaya ikaamua kwamba serikali haikuyapima ipasavyo maslahi ya wanandoa hao. Kufungwa, yaani, hakumfutii mtu haki ya kuwa na familia.

Italia nayo ilikuwa na sheria ya mwaka 1975 iliyomtaka askari aione kila ziara kwa macho yake. Fikiria kumshika mkeo mkono, au kumbusu mumeo, huku mtu wa tatu anawatazama, mwaka baada ya mwaka. Januari 2024 Mahakama ya Katiba ikasema kulazimisha ulinzi huo wa macho kwa kila ziara, hata pasipo sababu ya kiusalama, kunakiuka katiba. Magereza yakajikongoja zaidi ya mwaka mzima kutafuta vyumba. Aprili 2025, katika gereza la Terni, hatimaye mlango ukafungwa nyuma ya mfungwa na mwenzi wake, na askari akabaki nje.