Mahojiano ya utamaduni kama zoezi la uwazaji kina

Uwazaji kina ni mojawapo ya umilisi saba wa kimsingi katika mtaala ulioanza kutumika kote Kenya mwaka 2019. Kwa lugha ya kawaida, ni kupima jambo kabla ya kulikubali: nani amesema, amejuaje, na lipi linalopingana nalo. Njia moja ya kumfunza kijana stadi hiyo ni kumtuma amhoji mtu ambaye desturi zake si za kwao, kisha kumtaka aeleze majibu aliyopata yanathibitisha nini na hayathibitishi nini.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo zoezi lenyewe, na ndiyo inayorukwa. Kijana hurudi darasani na picha na mistari michache, anaibandika karatasi ya manila ukutani, anapigiwa makofi. Hayo ni maonyesho tu.

Tuchukue majina ya watu, maana Nairobi hata ploti moja ya mtaa wa Umoja humtosha kijana kuanzia. Jirani Mkikuyu atamwambia kwamba mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Ghorofa ya juu, jirani Mjaluo atamwambia Otieno ni aliyezaliwa usiku na Okoth ni wa wakati wa mvua. Mama Msomali wa Eastleigh atamweleza kwamba jina lake hufuatwa na la babake na la babu yake, na kwamba ndoa haikulibadilisha. Hapo kijana ana habari tamu, ila bado hajafikiri.

Kazi inaanza akikutana na Otieno aliyezaliwa saa saba mchana. Je, yule jirani Mjaluo alikosea? Au huyu amerithi jina la babu aliyezaliwa usiku, na jirani hakutaja urithi kwa sababu hakuulizwa? Kijana hana budi kupanda ngazi tena na kuuliza swali ambalo hakulijua siku ya kwanza. Ndiyo maana mimi humshauri mwalimu adai watu wawili wa jamii moja kabla ya kugusa jamii ya pili. Wakitofautiana, kijana hawezi tena kuandika “Wajaluo hufanya hivi”, ataandika “Baba Akinyi aliniambia hivi, jirani yake akaniambia vingine.”

Daftari nalo lisaidie. Upande mmoja aandike alichosikia, wa pili alichoona, wa tatu alichodhani mwenyewe. Huo wa tatu mara nyingi hubaki mtupu, si kwa sababu hakudhani, bali dhana zake anaziona kama ukweli. Dawa yake ni kumtuma kwa shosho wake na maswali yaleyale. Akisikia desturi ya kwao ikielezwa kama ya mgeni, ataanza kuushuku mtazamo wake pia.

Kuna tahadhari ya hapa kwetu. Tangu ghasia za uchaguzi wa 2007, mzazi akisikia mtoto wa watu anamuuliza kabila lake mlangoni, hatafurahi, na sioni sababu ya kumlaumu. Mwalimu awaarifu wazazi mapema, na maswali yahusu nyumba ya mtu, si kabila lake. “Mama, nyumbani kwenu nani alikuchagulia jina?” huleta hadithi. “Ni kweli nyinyi Wakamba huwa…?” humlazimisha mtu mmoja kuwatetea mamilioni. Kurekodi kwa simu, ruhusa kwanza. Akikataa, kalamu inatosha.

Wakati wa kusahihisha, alama nyingi ziende kwenye ukurasa wa mwisho, pale kijana anapoandika swali ambalo angerudi kuuliza, na kwa nini jibu lake lingeweza kubadilisha alichoandika.