Je, wajua kwa nini bendi mbili za ziara moja hugombana?

Siku ya tamasha hapa Dodoma, fika uwanjani saa tisa alasiri, geti likiwa bado limefungwa. Utakuta bendi kubwa, ile itakayofunga shoo usiku, ndiyo inajaribu vyombo. Bendi ndogo, itakayopanda ya kwanza, imejibanza kwenye kivuli cha lori ikisubiri. Ukiangalia kwa mbali utasema ni dharau. Kumbe fundi mitambo ana sababu yake: anayejaribu wa mwisho ndiye anayeanza kupiga, kwa hiyo vyombo vyake vinabaki palepale, maiki zimeshatulia, na hakuna kuhamisha kitu.

Kasheshe ni wakubwa wanapochelewa. Muda unaoliwa si wao. Geti linafunguliwa, watu wanajaa, na wadogo wanapanda bila hata kupima besi.

Halafu kuna drams. Za wakubwa hupangwa nyuma, zikafunikwa shuka, na haruhusiwi mtu kuzigusa. Za wadogo zinapachikwa mbele yake, ukingoni mwa jukwaa. Niliwahi kumwona mpiga besi mmoja hapa mjini, kila akigeuka shingo ya gitaa inagonga matoazi ya mwenzake. Aliposhuka hakumsalimia mtu. (Wanawake wa Kigogo wapigao muheme wametuzidi akili: ngoma wanaibana mapajani, wakifika wanapiga.)

Kwenye roki kubwa ya ng'ambo mambo ni hayohayo, ila hasara yake ni ya mamilioni. Mwaka 1967 mpiga gitaa Jimi Hendrix aliwafungulia bendi ya Monkees, yaani alipanda kabla yao, huko Marekani. Yeye anapiga, mashabiki wanawaita Monkees. Baada ya shoo chache akaaga. Kufunikwa na mdogo kunauma zaidi. Mwaka 1978 Van Halen, wenye albamu moja tu sokoni, waliwafungulia Black Sabbath, na mwimbaji wa Sabbath, Ozzy Osbourne mwenyewe, alikuja kukiri kwamba vijana wale walikuwa moto.

Lakini kisa kinachonifunza zaidi ni cha Montreal, Kanada, tarehe 8 Agosti 1992. Bendi za Metallica na Guns N' Roses zilikuwa ziara moja ya viwanja vikubwa. James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa wa Metallica, alisogea pabaya, moto wa fataki za jukwaani ukamuunguza vibaya, hasa mkono, na bendi yake ikakatisha shoo. Guns N' Roses walitakiwa kuokoa jahazi. Watu wakasubiri zaidi ya saa mbili. Walipopanda, spika za kumrudishia mwanamuziki sauti yake zilikuwa hazijakaa sawa, hawakuweza kusikia sauti zao wenyewe. Mwimbaji wao, Axl Rose, akalalamika koo, akashuka mapema. Mashabiki wakafanya vurugu hadi mitaani. Wengi humlaumu Axl kwa kiburi. Kiburi kilikuwepo, sikatai, lakini mtu asiyejisikia hupiga kelele, na koo linakwisha. Hetfield alirudi jukwaani baada ya wiki mbili na ushei, mkono una bandeji, akiimba tu huku mwingine akimpigia gitaa.

Siku hizi bendi zinazolingana jina hupokezana. Ziara ikianzia Dodoma, hawa wanafunga; kesho Singida, wanafunga wale. Ugomvi unahamia kwenye swali la nani afunge Dar.