Nani kasema Mkristo hakasiriki?

Huku Mbeya ukipandisha sauti kidogo tu utasikia: "Ndugu, si umeokoka wewe?" Kana kwamba wokovu unang'oa nyongo. Lakini Waefeso 4:26 inasema, "Mwe na hasira, ila msitende dhambi." Na katika Marko 3:5 Yesu mwenyewe anawakazia macho kwa hasira watu waliomvizia aponye siku ya sabato wapate kumshtaki. Hasira ile iliishia kwenye mkono uliopooza, ukanyooka.

Chukua mama wa Uyole, mkulima wa viazi. Mnunuzi anajaza gunia mpaka linaota kichwa, lumbesa ile ile tunayoijua, halafu anatoa bei ya gunia la kawaida. Mama asikasirike? Akisema, "Shusha viazi vyangu tupime," bila tusi, ametenda dhambi gani? Akimeza kwa tabasamu la kanisani, jioni watoto ndio watakaolipa ile lumbesa.

Aya ile ya Waefeso inaendelea: jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka. Wapo wanandoa wanaoifanya ruhusa ya kugombana usiku kucha mpaka kieleweke (majirani wanajua). Kinachokatazwa ni kuufuga uchungu. Mstari wa 27 unataja sababu: msimpe Ibilisi nafasi.